Vizuia Tope vya Gari la Porini: Kuchagua, Kupima na Kufunga

Raba inayoning'inia nyuma ya tairi ni miongoni mwa vifaa vya bei ndogo kabisa vinavyofungwa kwenye gari la porini, na pengine ndiyo maana wenye magari wengi huichukulia kuwa pambo. Hununuliwa kwa kutazama rangi na nembo, hufungwa kwa skrubu mbili, na siku dereva anaporudi nyuma kujitoa kwenye korongo hubaki chini ya tairi pamoja na kipande cha fenda. Lawama humwendea fundi au mtengenezaji wa raba, ilhali kosa lilianza pale kilipochaguliwa kifaa ambacho hakuna aliyekaa akafikiri kinatakiwa kufanya nini.

Kizuia tope kinadaiwa mambo mawili yanayopingana. Gari linapokwenda mbele kwa kasi, kinapaswa kuwa kirefu, kipana na kizito kiasi cha kutopeperushwa na upepo, ili kikamate mawe na tope vinavyorushwa na tairi. Gari linapotambaa juu ya mawe, kuvuka mtaro au kurudi nyuma kwenye mteremko, kinapaswa kuwa kifupi, kilaini na chepesi kuachia, ili kisinaswe. Unene, urefu, umbali kutoka kwenye tairi na namna ya kukifunga vyote ni njia za kupatanisha madai hayo mawili, na atakayesikiliza dai moja tu atajuta kwa sababu ya lile jingine.

Ili kujua raba hiyo inapaswa kukaa wapi, inafaa kufuatilia safari ya jiwe moja. Tairi linapobiringika bila kuteleza, sehemu yake inayogusa ardhi haisogei ukiilinganisha na barabara, wakati sehemu ya juu kabisa inakwenda mbele kwa kasi mara mbili ya kasi ya gari. Jiwe lililobanwa kwenye meno ya tairi huinuka upande wa nyuma, na linapoachia hushika mstari mnyoofu kuelekea kule lilikokuwa likielekea wakati huo. Ukilitazama kutoka kwenye gari, likiachia mara tu baada ya kuondoka ardhini, hutoka karibu sambamba na barabara. Likichelewa kidogo, hutoka likiwa limeelekea juu zaidi. Tope zito la mfinyanzi hung'ang'ania tairi kwa muda mrefu kuliko kokoto, kwa hiyo huachia juu zaidi na kuishia ndani ya fenda, ambako hujenga tabaka juu ya tabaka.

Kasi ndiyo inayoamua jiwe litafika wapi. Tukikokotoa bila kuhesabu upinzani wa hewa, gari likiwa kwenye kilomita 80 kwa saa, jiwe lililoachia baada ya tairi kuzunguka nyuzi 10 tu kutoka ardhini hupanda takribani sentimita 75, na lililoachia kwenye nyuzi 20 hukaribia mita 3. Punguza mwendo hadi kilomita 40 kwa saa, na jiwe lile lile la nyuzi 20 halipiti sentimita 75, kwa sababu kimo hupungua hadi robo kasi inapopungua kwa nusu. Hakuna raba inayoweza kufanya kazi kubwa kuliko hiyo inayofanywa na mguu wa dereva.

Jambo jingine ambalo watu wengi hulielewa kinyume ni uelekeo wa jiwe hilo. Kwa mtu aliyesimama kando ya barabara, jiwe halirushwi nyuma hata kidogo. Linapanda juu na kusogea mbele kidogo, kisha gari linalofuata linaligonga kwa kasi yake lenyewe. Kwa hiyo kioo cha mbele cha gari la nyuma hupasuliwa na mwendo wa gari hilo la nyuma, nalo gari la mbele limechangia kwa kuliweka jiwe hewani. Ukilitazama jiwe hilo hilo kutoka kwenye gari lililolirusha, linakwenda nyuma kwa nguvu. Mawe ya tairi la mbele hupiga kizingiti cha mlango, sehemu ya chini ya milango, ekseli ya nyuma, mabomba ya breki yanayopita chini na, kwenye baadhi ya magari, tangi la mafuta. Vizuia tope vya mbele basi hulinda gari lako mwenyewe, na vya nyuma hulinda trela lako, gari linalokufuata, mwendesha bodaboda na watoto wanaotembea kandokando ya barabara ya vumbi kwenda shule. Ninasikitika kila ninapoona gari la kifahari la porini lenye raba za mbele peke yake, kwa sababu maana yake ni kwamba mwenye gari amehesabu rangi ya milango yake na hakuhesabu macho ya watu.

Sasa tuingie kwenye vipimo, kwa kuwa hapa ndipo penye siri ambayo haielezwi kwenye maduka ya vipuri. Chukua tairi la 7.50R16, ambalo limetumika miaka mingi kwenye Land Cruiser za mfululizo wa 70 na ambalo kipenyo chake ni takribani sentimita 80. Ikiwa raba imening'inizwa sentimita 10 nyuma ya tairi, yaani sentimita 50 nyuma ya kitovu cha gurudumu, na ukingo wake wa chini uko sentimita 15 kutoka ardhini, itakamata karibu kila kitu kinachoachia baada ya nyuzi 20. Ukiupandisha ukingo huo hadi sentimita 23, itaanza kukamata kwenye nyuzi 30. Ukiupandisha hadi sentimita 30, kimo ambacho wapenda porini wengi hukichagua, itaanza kukamata kwenye nyuzi 40, na kila kilichoachia kabla ya hapo kitapita chini yake bila kuguswa.

Mtu akisoma hesabu hiyo anaweza kukata tamaa na kudhani kwamba lazima achague kati ya kioo cha mwenzake na usalama wa fenda yake. Lakini ipo namba ya pili. Sogeza raba ile ile nyuma kwa sentimita 20, iwe sentimita 70 kutoka kitovu cha gurudumu, na ukingo wa sentimita 23 utakamata tangu nyuzi 20, sawasawa na ulivyokamata ukingo wa sentimita 15 ilipokuwa karibu. Ukingo wa sentimita 30 utakamata tangu nyuzi 26 hivi badala ya nyuzi 40. Kwa maneno mengine, kusogeza nyuma kwa sentimita 20 kunakupatia sentimita 7 hadi 8 za nafasi chini bila kupoteza kinga, na wakati huo huo kunaongeza pengo ambalo tope litapita na tairi halitaweza kuinasa raba kwa urahisi. Ningependa kila fundi anayefunga vifaa hivi aijue kanuni hii: kadiri raba inavyokuwa mbali na tairi, ndivyo inavyoweza kuwa fupi.

Kanuni hiyo ina mipaka yake. Mawe hayatoki yote kwenye mstari mmoja. Mengine huchepuka kushoto na kulia, na kadiri raba inavyokuwa mbali ndivyo inavyohitaji kuwa pana zaidi. Raba iliyo karibu inaweza kutosha ikizidi upana wa tairi kwa sentimita 1 au 2 kila upande, lakini iliyosogezwa nyuma huhitaji zaidi ya hapo. Tena, upande wa mbele wa gari mara nyingi hauna nafasi ya kusogeza chochote, kwa sababu fenda huishia pale pale tairi linapoishia na mlango huanza. Nafasi ya kuchezea ipo nyuma, kati ya tairi na bampa, na kwenye pikapu yenye bodi ndefu nafasi hiyo ni ya kutosha.

Aliyebadilisha matairi anapaswa kuanza hesabu upya. Tairi la 265/70R16 (namba ya kwanza ni upana kwa milimita) lina kipenyo cha takribani sentimita 78, na la 285/75R16 linakaribia sentimita 83. Sentimita 5 hizo za kipenyo hupunguza pengo kati ya tairi na raba kwa sentimita 2.5, na upana wa ziada wa milimita 20 huenda ukaacha ukingo wa nje wa tairi bila kinga. Rimu zinazosukuma tairi nje ya fenda huleta tatizo kubwa zaidi: raba za kiwandani hubaki zikilinda mahali ambapo tairi lilikuwa zamani, huku meno ya nje yakitupa kokoto moja kwa moja kwenye milango. Vilevile, matairi ya tope yenye meno makubwa yaliyoachana hubeba mawe na udongo mwingi kuliko matairi ya mchanganyiko, yaani ya lami na porini, kwa hiyo mwenye matairi hayo ana wajibu mkubwa zaidi.

Kuhusu malighafi, maduka yetu huuza aina tatu au nne, na fundi wa mtaani anaongeza ya tano. Plastiki ngumu iliyotengenezwa kwa umbo la fenda hukaa vizuri kwenye lami na hupendeza, lakini ikigonga jiwe huvunjika, na ikivunjika huacha ncha kali. Raba nyeusi ya kawaida ya unene wa milimita 4 hadi 6 hupinda na kurudi, hukatwa kwa kisu kirahisi na hupatikana kila mahali. Udhaifu wake ni kwamba jua la miaka huikausha na kuipasua kuanzia kwenye matundu ya bolti. Poliyurethani, aina ya plastiki inayonyumbulika, ni ghali, lakini hustahimili msuguano na hurudi kwenye umbo lake hata ikishakunjwa chini ya tairi. Raba yenye nyuzi za kitambaa ndani, kama ile inayokatwa kwenye mikanda mikuukuu ya kusafirishia mizigo viwandani, haichaniki ovyo. Sifa hiyo ni nzuri barabarani na ni hatari porini, kwa maana tairi likiikanyaga wakati wa kurudi nyuma, kitakachochanika badala yake ni bati la gari.

Ya tano ni kipande cha tairi kuukuu. Siwezi kukipendekeza, ingawa naelewa kwa nini kinatumika. Matairi mengi ya siku hizi yana nyaya za chuma ndani. Zikikatwa hushika kutu, hutokeza nje na kuchoma mikono ya anayeosha gari. Zaidi ya hayo, kipande hicho ni kizito na kina mkunjo wa asili unaokifanya kiegemee upande mmoja. Ikiwa hakuna namna nyingine, kitafutwe kipande cha ubavuni, ambako hakuna mikanda ya chuma ile iliyo chini ya meno, na kikatwe mbali na ukingo unaokaa kwenye rimu.

Unene una upande wake wa pili. Raba nyembamba ya milimita 2 hupeperushwa na upepo gari likifika kilomita 80 kwa saa, ikainuka na kuacha wazi sehemu ile ile iliyowekwa ili iizibe. Baadhi ya watu hurekebisha hilo kwa kufunga ubapa wa chuma kwenye ukingo wa chini ili kuongeza uzito. Kwenye lori la barabara kuu hilo linaeleweka. Kwenye gari la porini ni kosa, kwa kuwa chuma hicho kikinaswa hugeuka nyundo, na kikichomoka huwa kitu cha kurushwa hatari kuliko jiwe lenyewe. Afadhali kuongeza unene wa raba nzima, au kuchagua yenye mifereji ya wima iliyoshindiliwa kiwandani, ambayo huipa ugumu upande mmoja na kuiacha ipinde upande mwingine.

Aina ya ardhi inapaswa kuingia kwenye uamuzi huu mapema. Kwenye barabara ya changarawe yenye makunyanzi, kama ile inayotoka lango la Loduare la Ngorongoro kwenda lango la Naabi la Serengeti, mwendo huwa mkubwa, mawe ni mengi na magari hufuatana siku nzima; hapo raba ndefu na pana ndiyo stahiki. Kwenye udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika, adui ni ujazo. Udongo huo unaponyewa na mvua hushikamana na kila kitu, na raba iliyo karibu na tairi huufanya ujae kati yake na tairi hadi gurudumu likawa linasugua donge gumu. Pengo la sentimita 10 ni dogo mno hapo. Kwenye mawe ya volkano ya upande wa Ziwa Turkana, ambako gari hutambaa na kurudi nyuma mara kwa mara, raba ndefu ni mzigo mtupu, na inafaa kuondolewa kabisa kabla ya kuingia. Vumbi ni habari nyingine: vizuia tope huzuia mawe na tope, lakini wingu la vumbi hutokana pia na hewa inayovurugwa na gari zima, na asitegemee mtu kwamba raba itamwondolea anayemfuata adha hiyo.

Wapo wanaoiga magari ya mashindano. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na kurudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 kule Naivasha, huonyesha magari yenye raba kubwa zinazokaribia kugusa ardhi nyuma ya kila tairi, na macho huvutiwa. Lakini gari la mashindano linakwenda mbele kwa kasi kubwa, lina mafundi wanaolisubiri, na si kawaida yake kurudi nyuma juu ya mwamba likiwa na mizigo ya siku kumi. Pikapu ya mtu wa kawaida inaishi maisha tofauti.

Kurudi nyuma ndiko kunakoangamiza vizuia tope, na sababu yake ni rahisi. Gari linapokwenda mbele, raba ikigusa jiwe hukunjwa kuelekea nyuma, mbali na tairi. Linaporudi nyuma, jiwe au ukingo wa mtaro huisukuma raba kuelekea kwenye tairi, na tairi lenyewe linazunguka kwa namna ambayo upande wake wa nyuma unashuka. Likiishika ncha ya raba, huivuta chini na kuikanyaga kwa uzito wote wa gari. Hakuna bolti itakayoshinda nguvu hiyo. Ndiyo maana nashikilia kwamba ufungaji mzuri ni ule ulioamua mapema nini kitakachoachia kwanza. Njia nzuri kuliko zote ni breketi yenye pini mbili zinazochomolewa kwa mkono, ili raba itolewe kabla ya kuingia sehemu mbaya na kurudishwa kwa dakika mbili ukishapita. Njia ya bei nafuu ni kukata matundu ya raba yawe wazi kwa chini, mithili ya tundu la ufunguo, ili ikivutwa kwa nguvu iteleze na kutoka ikiwa nzima. Wengine hutoboa tundu kwenye ncha ya chini na kuikunja raba juu kwa kamba au mnyororo mwepesi. Inafaa, mradi kamba hiyo isiachwe ikining'inia karibu na tairi.

Kupima kufanyike gari likiwa limesimama mahali tambarare, matairi yakiwa na upepo wa kawaida, na kufanyike mara mbili: likiwa tupu na likiwa limepakiwa kama linavyopakiwa safarini. Pikapu yenye springi za majani nyuma hushuka sentimita kadhaa ikipakiwa, na raba iliyoonekana iko sentimita 25 kutoka ardhini asubuhi inaweza kuwa sentimita 18 baada ya madumu ya maji na mafuta kupanda. Kuna jambo jingine lisiloonekana kwa macho. Kwenye mpangilio uliozoeleka, jicho la mbele la springi limekazwa na la nyuma linacheza kwenye kiungo chake. Springi inaponyooka kwa mzigo au kwa shimo, hurefuka, na ekseli husogea nyuma kidogo. Pengo unalolipima gari likiwa tupu, kwa hiyo, litapungua lenyewe njiani. Upande wa mbele, usukani uzungushwe hadi mwisho kushoto na kulia, na tairi litazamwe linakaribia raba kiasi gani katika kila hali.

Kata kwanza kielelezo cha katoni, kijaribu mahali pake, kirekebishe, ndipo ukate raba. Hatua hiyo huchukua muda mfupi na huokoa raba ya thamani. Hakikisha kielelezo hakigusi bomba la breki, waya wa kihisio cha gurudumu wala bomba la moshi. Plastiki iliyo karibu na bomba la moshi huyeyuka, na raba hukauka na kunuka.

Katika kufunga, kosa linalojirudia ni kuibana raba kwa bolti na washa ndogo peke yake. Kila mtikisiko hukusanyika kwenye matundu hayo mawili au matatu, nayo hupanuka hadi raba ikadondoka. Weka ukanda wa bati nene au alumini juu ya ukingo wote wa raba, ili ibanwe kati ya ukanda huo na breketi kwa urefu wake wote, kisha upitishe bolti za milimita 6 au 8 zenye nati za kujifunga, zile zilizo na pete ya nailoni ndani. Breketi ishikiliwe kwenye matundu yaliyopo tayari. Kutoboa matundu mapya kwenye chesisi kwa ajili ya raba ni jambo ambalo sioni sababu ya kulikubali, kwa kuwa chesisi hubeba gari zima na tundu lisilopangwa ni mahali pa ufa kuanzia. Ikilazimu kutoboa bati la fenda, tundu lipigwe tupa, lipakwe rangi ya kuzuia kutu na liachwe likauke kabla ya bolti kuingia.

Wenye Land Rover Defender za zamani wana la ziada la kuangalia. Bodi zao ni za alumini, na bolti ya chuma kisichoshika kutu ikigusana na alumini mahali penye maji ya chumvi huifanya alumini iliwe. Kwa anayeishi Tanga, Mombasa au Unguja, washa za nailoni au raba kati ya metali hizo mbili ni lazima.

Baada ya siku ya kwanza kwenye makunyanzi, nati zote zikaguliwe kwa spana, kwa sababu raba iliyobanwa hulegea kidogo inaposinyaa chini ya ukanda. Tope lililoganda nyuma ya breketi lioshwe kwa maji mengi, hasa kwa wanaopita ufukweni. Ufa ukionekana umetoka kwenye tundu la bolti na kushuka chini zaidi ya sentimita 2, usiuzibe kwa gundi: kata ukingo wa juu, toboa matundu mapya chini yake, na kabla ya kuirudisha raba hiyo pima tena kimo cha ukingo wa chini, kwa maana sasa imekuwa fupi kuliko ulivyoipanga.